Mlango wa Upande wa Mto

Ubishi wa ndugu hawa wawili haukuanza siku ya fomu, msije mkadanganyika. Ulianza miaka sita nyuma, asubuhi ile mdogo mtu alipopanda tingatinga la kampuni kwa mara ya kwanza, akakaa juu kule na miwani ya jua usoni, akamwona kaka yake anapita chini na mitego begani, naye akajifanya hamnazo. Kaka mtu alisimama akingoja asalimiwe, hata kwa kidole. Wapi! Mdogo mtu akakanyaga mafuta, moshi ukamfunika kaka wa watu mpaka kwenye kope. Tangu hapo, wakikutana nyumbani kwa mama yao, mmoja akiingia mwingine anatafuta viatu vyake.

Dereva, maana ndiyo kazi yake na ndivyo tutakavyomwita, hakuwa mtu mbaya kiasi hicho. Alikuwa mwoga, basi, na woga wake aliuvalisha ukali. Siku ya kuomba kazi Msimamizi wa shamba alimuuliza, "Baba yako alikuwa anafanya nini?" Na Dereva, ambaye baba yake aliishi kwa mitego na mkuki mpaka siku ya kuzikwa, akajibu bila kupepesa macho, "Mkulima, bosi." Sababu? Wawili waliomtangulia walisema baba zao ni wawindaji, wakaambiwa watapigiwa simu. Mpaka leo simu hazijalia.

Shamba lenyewe lilikuwa linanenepa kila mwaka. Kwanza kilikuwa kitalu kimoja cha mahindi, kikaja cha pili, kikaja cha tatu, na mwaka huu cha nne, kilichobeba pori lote lililobaki kati ya barabara na mto, pamoja na nyumba kumi na saba zilizokuwa pembeni. Moja ya nyumba hizo ndimo walimoishi mama yao na kaka mtu: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, bustani ya mchicha nyuma. Matofali alifyatua kaka kwa mikono yake. Uani mama alikuwa amezika mume na watoto wawili, na alishasema mchana kweupe kwamba yeye hahami, anayetaka kumtoa aje na jeneza.

Ndipo ikaja hiyo habari ya fomu. Ofisi ya wanyamapori na kampuni walikuwa wamekubaliana kaya zote za kitalu cha nne ziandikwe. Ofisi ilitaka kujua wawindaji ni akina nani, nani kawafundisha, wanaua wanyama kwa sababu gani. Kampuni ilitaka kujua nani abaki na nani aondoke. Ukiandikwa mkulima, unabaki na nyumba yako na unapewa nusu ekari nyuma yake. Ukiandikwa mwindaji, unapewa lori la kubebea vyombo na wiki mbili za kufungasha. Neno moja mezani, una nyumba au huna.

Ndiyo maana siku moja kabla ya fomu, alasiri, Dereva alimeza kiburi akaenda kwa mama. Alimkuta kaka yake uani anasuka waya wa mtego. Kaka huyu watu walimwita Upepo, kwa sababu hawezi kupiga hatua tatu porini bila kurusha vumbi juu aone linaelekea wapi. Watoto walimcheka kwa hilo, na watu wazima pia, akishapita.

"Kesho ukifika mezani," Dereva alisema hata hajakaa, "ukiulizwa kazi, sema mkulima."

"Nimelima nini?"

"Bustani si hiyo hapo?"

"Ya mama hiyo. Mimi hata kumwagilia namwagilia vibaya, muulize mwenyewe."

"Kaka, usinitie wazimu. Neno tu hilo! Watu wanasema uongo wa bure kila siku, wewe uongo wenye nyumba ndani yake unakushinda?"

Upepo aliweka waya chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo yalikuwa yamemjaa kooni.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mimi nimefundishwa kazi na baba. Mwenye mimba simtegi. Anayenyonyesha simtegi. Penye maji sitegi. Wewe na chuma chako mnamwacha nani? Mnaanza pembeni, mnazunguka, mnazunguka, mnaingia ndani, mpaka kinabaki kile kipande cha katikati mnachokiita kisiwa. Kila chenye miguu kimejibanza humo. Halafu watu na marungu wanakizingira. Na wao fomu yenu inawaitaje?"

"Naendesha ninavyoambiwa. Kuzunguka kunaokoa mafuta. Tingatinga si baiskeli ya kugeuzageuza."

"Ahaa. Mafuta."

"Ndiyo, mafuta! Ulitaka nikuambie nini? Mimi naendesha chuma, siendeshi swala."

Wakatazamana kwa chuki isiyojificha. Dereva alimchukia kaka yake kwa ule utulivu wake, kwa vile vidole vilivyojaa makovu ya waya, kwa kufanana na baba kila alipoinamisha kichwa. Upepo naye alimchukia mdogo wake kwa jambo moja tu, ile salamu aliyonyimwa siku ya tingatinga, nalo walilijua wote.

"Basi tufanye hivi," Upepo akasema mwishowe. "Kesho asubuhi mnamaliza kisiwa. Niachie mlango upande wa mto. Upana wa nyumba hii, usizidi. Pale usikate mpaka mwisho. Mimi nitaingia kutoka upande wa pili nitawasukuma taratibu, watoke, wavuke. Wakishavuka, kata chote, kata mpaka mizizi. Ukiniachia mlango, nitakwenda kwenye hiyo meza yenu niseme mkulima. Nitasema hata fundi cherehani, ukitaka."

Dereva alicheka bila kutaka. Kaka naye midomo ilimcheza. Mama yao, aliyekuwa kizingitini anachambua mchicha na masikio yote uani, akauliza, "Mmesikilizana au niwaletee fimbo?"

"Tumesikilizana, mama. Mlango utakuwepo."

"Apa."

"Haki ya Mungu, mama."

Mama akarudi kwenye mchicha wake. Jioni ile alimpa Dereva chakula kwenye sahani ya kaka yake, kwa kuwa sahani zilikuwa pungufu, na wote wawili wakala bila kugombana. Dereva aliondoka na moyo mweupe.

Asubuhi, saa moja haijatimia, watu wameshazingira kisiwa. Kilikuwa kimebaki kipande cha ukubwa wa uwanja mmoja wa mpira, majani marefu na vichaka, na majani yenyewe yanatikisika huku hakuna upepo. Wapishi wa kambi walikuwepo, fundi baiskeli alikuwepo, walinzi wa ghala, wanawake na mabeseni, na mwalimu wa hesabu na shati lake jeupe la kazini, rungu mkononi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutega mtego maishani mwake. Walikuja kwa sababu nyama ilikuwa inatoka yenyewe.

Dereva alizunguka mara ya kwanza. Upande wa mto akanyanyua bamba la kufyekea la mbele ya tingatinga, akapita bila kukata. Akazunguka mara ya pili, akafanya vile vile. Kupitia kioo aliona paa wawili wakichomoka pale mlangoni, kisha nungunungu, wakashuka bondeni na kupotea. Aliona na kichwa cha kaka yake katikati ya majani, mikono imepanuliwa, anatembea pole pole, usingesema anawinda, ungedhani anachunga kuku wa mama.

"Wanatoroka!" mtu akapiga kelele. "Wanatorokea mtoni!"

"We dereva, hufungi kule una kichaa?"

Bonge la udongo likapiga kioo cha tingatinga. Kisha la pili. Watu walikuwa wamekuja na mabeseni, na mabeseni yalikuwa matupu, na hasira ya beseni tupu si ya mchezo. Msimamizi akashuka kwenye gari lake dogo, akapanda ngazi ya tingatinga mpaka dirishani.

"Mbona unaruka pale?"

"Pana mawe, bosi."

"Mawe gani? Mimi jana nimepatembea kwa miguu yangu." Akachungulia ndani ya kisiwa, akamwona mtu mwenye mikono iliyopanuliwa. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Au una ndugu humo ndani? Maana nasikia yule mrusha vumbi mnafahamiana."

Dereva aliuona mshahara, akakiona chumba chake cha kampuni chenye taa, akawaona wale wawili ambao simu zao hazijalia mpaka leo.

"Simfahamu, bosi."

"Basi funga."

Akateremsha bamba la chuma, akageuza tingatinga, akaelekea upande wa mto. Kaka yake alimwona anakuja. Upepo hakukimbia, alisimama pale pale mlangoni, akapunga mikono miwili juu, mara moja, mara mbili, mtu anayemzuia mwenzake asitumbukie shimoni. Dereva akakodoa macho kwenye saa ya mafuta na kukanyaga. Ilibidi Upepo aruke kando. Mlango ukafungwa.

Yaliyofuata sitayapamba. Vilio vya wanyama na vya watu vilichanganyika mpaka havitenganishiki. Mwalimu wa hesabu alimpiga paa mwenye mtoto, na mtoto akapigwa na mpishi kwa ufagio wa chuma. Wawili walipigania nguruwe mwitu ambaye bado anapumua, kila mmoja kashika mguu wake, wanatukanana matusi ya nguoni mbele ya watoto. Nusu saa tu, kisiwa kikawa kimelala chali, na Dereva akafyeka kilichobaki.

Upepo alitoka humo mikono mitupu, shati limechanika begani. Alipita mbele ya tingatinga akainua uso. Hakutukana wala hakutema mate. Alimtazama tu mdogo wake, na mdogo wake akajifanya anafuta miwani.

Meza ya fomu iliwekwa ndani ya ghala la mbolea, maana nje jua lilikuwa kali. Karani alikuwa binti mwenye sauti ndogo, kalamu yake imefungwa kwa uzi mezani isiibiwe. Pembeni yake alikaa Msimamizi na kikombe cha chai, kuhakikisha mambo yanakwenda. Foleni ilitoka moja kwa moja kisiwani: mikono ya damu mpaka kwenye viwiko, viroba begani, sakafu ya saruji imeshaanza kunata.

"Kazi?"

"Mkulima."

"Umewahi kuwinda?"

"Nani, mimi?" fundi baiskeli akashangaa. "Mimi hata kuchinja kuku simudu, dada!" Kiroba chake kikadondosha tone juu ya kiatu cha Karani.

Karani akakitazama kiroba, akaitazama fomu. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kiroba. Akaweka alama: mkulima. Aliyefuata, mkulima. Mwalimu naye, shati jeupe limekuwa na maua mekundu, mkulima wa muda wa ziada. Wote, wakiulizwa habari ya damu, walisema wanalinda mazao, wakati kitalu kilikuwa hakijapandwa hata punje.

Dereva alisimama karibu na mama yake, kamshikia mkoba. Alijiambia kaka ana hasira, sawa, lakini nyumba ni ya mama, hawezi kuichezea, atasema tu. Atasema.

Ikafika zamu ya Upepo.

"Kazi?"

"Mwindaji."

"Anatania!" Dereva akaruka. "Dada, huyo mkulima, ana bustani ya…"

"Hukuulizwa wewe," Upepo akasema bila kugeuka. "Andika, binti. Mwindaji."

Karani akaandika. "Unawinda kwa sababu ya njaa, biashara, kulinda mazao, au mazoea ya ukoo?"

"Hakuna sehemu nyingine?"

"Ipo 'mengineyo'."

"Basi weka kwenye mengineyo. Nawinda kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, na mnyama mmoja akinitosha narudi nyumbani. Na andika kwamba leo sijaua. Hao wakulima wako waliopita, waambie wakuoneshe viganja."

Ghala zima likalipuka. "Jangili huyo!" "Ndio wanaomaliza wanyama!" "Mtoeni nje!" Mwalimu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, tena akielekeza kidole kilichokuwa bado hakijakauka damu.

Karani alingoja kelele zipungue. "Nani alikufundisha?"

"Baba. Baba yetu."

"Yenu wewe na nani?"

Upepo alinyoosha kidevu kuelekea kwa Dereva.

Msimamizi akaweka kikombe chini. "Ala! Si wewe uliniambia baba yako mkulima?"

Watu wakageuka. Dereva alihisi mkoba wa mama unateleza kwenye jasho la kiganja. Alikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi hiyo ilikuwa ndefu kabisa, ya kutosha watu wawili kukohoa.

"Baba yangu alikuwa mkulima, bosi," akasema. "Hawa ni majirani tu. Tulikaa karibu zamani. Huyu mama namsaidia mkoba, basi, mtu mzima."

"Vizuri," Msimamizi akasema na kurudi kwenye chai. "Basi wiki mbili zikiisha, hiyo nyumba ya jirani utaanza nayo kubomoa."

"Sawa, bosi."

Upepo aliweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi, akatoka. Alipopita karibu na mama yake alimgusa bega. Dereva akapitwa kama mfuko wa mbolea.

Karani alikuwa na huruma, hilo nampa haki yake. Aliinama karibu na mama akanong'ona kwamba kuna njia: kama mama ndiye mkuu wa kaya, na yeye mwenyewe analima, nyumba inaweza kuandikwa kwa jina lake, hiyo fomu ya kijana ikawa haina kazi. Dereva alisikia. Moyo ukamrudi kifuani! Akamshika mama mkono, akamsogeza mezani, akamwinamia sikioni huku Msimamizi akizungumza kwenye simu.

"Mama, wewe ni mkulima kweli, husemi uongo wowote. Wakikuuliza juu ya baba, sema mkulima. Kila kitu nitakitengeneza baadaye, na kaka nitazungumza naye. Sema tu mkulima."

Mama alikuwa anaangalia kalamu.

"Kazi yako, mama?"

"Mkulima. Nimeshika jembe nina meno ya utoto, na sasa hata ya ukubwani yamekwisha."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Karani naye akacheka, akaandika haraka haraka kabla mama hajabadili mawazo. Dereva akapumua.

"Kazi ya mumeo?"

"Marehemu."

"Pole. Alipokuwa hai?"

Dereva akamfinya mkono.

"Mwindaji," mama akasema.

Kalamu ikasimama. "Mama," Karani akanong'ona, "nikiandika hivyo, ni kaya ya wawindaji. Nyumba itaondoka. Umeelewa? Labda ulitaka kusema…"

"Masikio yangu mazima, mwanangu. Alikuwa mwindaji, akanilisha kwa uwindaji, akawalisha wanawe kwa uwindaji mpaka wakaota ndevu za kumwonea haya. Sitamzika mara ya pili. Andika, na wino ukolee."

Karani akaandika. Dereva alitaka kusema kitu, akafungua mdomo, Msimamizi akamaliza simu yake, mdomo ukajifunga.

"Watoto wangapi walio hai, mama?"

"Mmoja."

Karani akainua macho. Alimtazama mama, akamtazama mwanamume mzima aliyemshika mkono, pua zile zile, paji la uso lile lile, hata mgeni angeona.

"Mmoja, mama? Na huyu je?"

Mama akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Dereva, kisha akachukua na mkoba wake.

"Huyu jirani," akasema. "Si umemsikia mwenyewe?"

Karani akaandika moja, akamwita aliyekuwa nyuma.